Jiko kwa Kipimo cha Mkwe

Tarehe 9 Januari

Mkwe wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kiasi cha bahasha kufungika. Mimi ni mzima wa afya, ukiacha goti la kushoto, ambalo huwa zima siku likipenda lenyewe. Wewe je? Kile kikohozi cha vumbi la vitambaa kimekuachia? Na wenzako wa karakana hawajambo?

Nakuandikia kwa sababu moja. Mvua za mwezi uliopita zimeuangusha ukuta wa nyuma wa jiko langu. Usishtuke, sikuwemo ndani. Majirani walikuja kunipa pole, nami nikawa napokea pole huku moyoni nafurahi, maana jiko lile nimeligombeza kwa miaka ishirini na lilikuwa halinisikii. Sasa nalijenga upya, tena kubwa, nikiunganisha na ile stoo. Na kwa kuwa mkataba wako wa kazi unakwisha Juni, na kwa kuwa siku ile ulipoondoka baada ya msiba, tukiwa uani nimekushikia begi, uliniambia, "Nitarudi, Mama, nitakuja tukae wote," nimeona jiko hili lijengwe kwa kipimo chako. Mimi nimeshapika vya kutosha duniani.

Nikueleze kidogo, univumilie. Mtu aliyefundisha sayansikimu miaka thelathini na moja hawezi kusema "jenga jiko" akaishia hapo. Watu wengi huanza na kuta, kisha humwambia mpishi aingie ajibane. Ni makosa. Jiko huanza na mwili wa anayepika. Kuna mahali pa kuweka chakula, mahali pa kuoshea na mahali pa moto, na mpishi hushinda akizunguka kati ya hapo patatu. Pakiwa mbali, miguu inalipa. Pakiwa karibu mno, anajigonga. Na urefu wa meza haupimwi kwa ukuta, hupimwa kwa kiwiko: simama wima, kunja mkono, pima kutoka sakafuni mpaka kiwikoni, kisha toa kama sentimita kumi na mbili. Hapo utakata mboga mchana kutwa na mgongo usijue.

Basi nijibu: kiwiko chako kiko kimo gani? Unatumia mkono upi kushika kisu? Na unapikaje, hasa? Uliishi na mwanangu miaka sita na mlikuja hapa kwa nadra, kwa hiyo nakujua zaidi kwa kukutazama kuliko kwa kukuuliza.

Alipotutoka kwa ile homa ya siku nne, nilidhani nyumba hii imekwisha. Sasa naona bado ina kazi.

Mama mkwe wako


Tarehe 27 Januari

Kwako Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimemshukuru Mungu kwamba ukuta haukukukuta ndani. Kikohozi kimepungua. Wenzangu wanakusalimu, hasa yule msimamizi wetu uliyemwambia, alipokuja msibani, kwamba amevaa suruali ya mdogo wake. Bado anaikumbuka.

Kiwiko changu ni inchi arobaini na mbili. Nimepima kwa futi yangu ya kazini, kwa hiyo hakuna kosa. Kisu nashika kwa mkono wa kulia.

Mengine, Mama, vyovyote utakavyoona wewe. Usijisumbue sana kwa ajili yangu, na usiinue matofali kwa goti hilo.

Mkweo


Tarehe 11 Februari

Mkwe wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na goti linakusalimu.

"Vyovyote" si kipimo. Wewe ni mkataji wa vitambaa. Akija mteja ukamuuliza gauni liwe refu kiasi gani, akakujibu "vyovyote," utamkatia nini? Shuka?

Inchi arobaini na mbili ni sentimita mia na saba kasoro kidogo. Nikitoa kumi na mbili, meza yako itakuwa tisini na tano. Nimemwita mwashi, yule tunayemwita Fundi Subira kwa sababu ndilo neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni. Alivuta chaki ukutani kwenye tisini na tano, akanitazama, akaitazama chaki.

"Mama, kimo hiki cha nani? Wewe ukisimama hapa utakuwa kama mwanafunzi anayechungulia dirisha la mwalimu mkuu."

"Cha mkwe wangu."

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

"Na mpaka aje, wewe utapikia wapi?"

"Nimekuajiri kujenga au kuhoji?"

"Subira, Mama. Subira."

Kwa kuwa hukunieleza unavyopika, nimefanya zoezi nililokuwa nikiwafanyisha wanafunzi. Unachora jiko kwenye karatasi, unaibandika ubaoni, unachomeka pini kila mahali mpishi anaposimama, kisha unazungusha uzi kufuata safari zake. Nilikumbuka ile wiki uliyobaki hapa baada ya mazishi, ukatupikia wali na maharage. Uzi ulikwisha maharage hayajaiva! Mara kumi na tisa ulikwenda kwenye ndoo ya maji mlangoni. Mwanamke mwenye msiba, nami nikakuacha utembee mara kumi na tisa. Jiko jipya litakuwa na sinki mkono wako wa kushoto, hatua moja.

Nilikuona pia ukisimama ukiutazama ukuta, kimya, hugeuki. Nikasema moyoni, huyu anapenda kupika peke yake, kama mimi. Basi meza nitaiegemeza ukutani, na juu yake dirisha, ili macho yako yawe na pa kwenda. Jiko la gesi nafikiria niliweke pembeni mwa mlango wa nje, pale upepo unapoingilia. Unaonaje?

Mama


Tarehe 15 Machi

Kwako Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa na oda ya sare za shule na tumekata vitambaa mpaka Jumapili. Naendelea vizuri. Nakuombea goti.

Mpango wako wote ni mzuri. Sinki kushoto ni vizuri. Dirisha ni vizuri. Jiko la gesi pembeni mwa mlango nalo ni vizuri sana. Nashukuru kwa kunifikiria. Sistahili.

Mkweo


Tarehe 24 Machi

Mkwe wangu,

Salamu kwanza. Niko salama. Nakutumia picha ya dirisha: fremu imeshaingia, na meza imemwagwa zege Jumanne. Fundi Subira ameilalia kwa shavu kuona kama iko sawa. Iko sawa.

Sasa tuseme ukweli. Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote, na mwanafunzi asiyesoma swali namjua kwa jibu lake. Nilikuuliza kama jiko la gesi likae upepo unapoingilia. Mpishi yeyote, hata mwenye wiki moja, angeniambia, "Mama, moto utazimika." Wewe ukasema vizuri sana. Lile swali lilikuwa mtego, mwanangu, na umeingia na miguu yote miwili.

Sikukasirika. Nafahamu inatoka wapi. Mama mkwe wangu aliniuliza siku ya kwanza kama chumvi inatosha, nikasema inatosha. Haikuwepo kabisa. Nikala chakula kisicho na chumvi miaka kumi na moja kwa ajili ya neno lile moja, na alipokaribia kufa akaniambia, "Mwenzio daktari alinikataza chumvi, lakini wewe nilikuwa nakuonea huruma, kumbe nawe chumvi huipendi." Adabu ni nguo nzuri, lakini mtu hapimwi akiwa ameivaa.

Kwa hiyo nijibu kama mpishi, usinijibu kama mkwe. Nikikosea, sema nimekosea. Zege imeshaganda lakini mengine bado yanasogezeka. Unapikaje ukiwa kwako, mlango umefungwa, hakuna mkwe anayekutazama?

Nasubiri. Mimi nawe si Fundi Subira, tusizoee neno hilo.

Mama


Tarehe 2 Mei

Kwako Mama,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mimi ni mzima wa mwili.

Umeniambia nijibu kama mpishi. Nitajaribu, na ukifika mwisho wa barua hii utaelewa kwa nini imenichukua wiki tano.

Mimi napika nimekaa. Kazini nasimama kwa saa tisa mbele ya meza ya kukatia, na nikirudi nyumbani miguu yangu haitaki kusikia habari ya meza nyingine. Nina kigoda. Nakata mboga kwenye sinia mapajani, jiko dogo liko chini mbele yangu. Ulinipima kiwiko, Mama, lakini hukuniuliza kama nasimama au nakaa. Nami ningeweza kukuambia, sikukuambia.

Tena sipiki kimya. Napika nikisema. Naonja mara nyingi mno, wakati mwingine chakula kinafika mezani nusu. Na siutazami ukuta, nautazama mlango, kwa sababu mwanao alikuwa akirudi kazini anakaa sakafuni pale mlangoni, mgongo kwenye fremu hii na nyayo kwenye fremu ile, ananisimulia habari za siku nzima, ngazi na nyaya na wenye nyumba. Ukitaka kupita ilikuwa lazima umruke. Kwako nilisimama nimekugeuzia mgongo kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka maharage yako yaonekane yameliliwa.

Sasa lile lingine. Mama, sitakuja.

Pale karakana kuna fundi anayetengeneza cherehani zetu. Amefiwa na mkewe, muda mrefu kuliko mimi. Mwaka jana alianza kunisubiri nitoke, tukawa tunatembea. Sasa anakuja kwangu Jumapili, anamenya vitunguu, mimi napika. Wazazi wangu wameshamkubali. Tunafunga ndoa Jumamosi ya pili ya Julai.

Siku ile uani niliposema nitarudi, sikukudanganya. Niliamini mwenyewe. Lakini tangu Januari kila nikikaa kukuandikia ukweli, barua yako inanitangulia: sasa umepima, sasa umepiga chaki, sasa umemwaga zege. Ningekuambia hapana kwa sinki, ningelazimika kukuambia hapana kwa dirisha, na nyuma ya dirisha ilikuwepo hii kubwa imesimama. Ndiyo maana kila kitu kilikuwa vizuri.

Nisamehe. Najua nimekujengesha jiko la mtu asiyekuja.

Mkweo


Tarehe 21 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, nami sidai. Naomba tu kujua kama barua yangu ilifika na kama u mzima. Hata mstari mmoja.

Mkweo


Tarehe 16 Juni

Mama,

Shikamoo. Nilimpigia jirani yako mwenye duka. Anasema u mzima, unatoka, unanunua sabuni. Amesema alikuambia ninakusalimu, na wewe ukamuuliza bei ya sukari.

Nimeelewa. Sitakusumbua tena.

Mkweo


Tarehe 28 Juni

Mkwe wangu,

Hujambo? Mimi ni mzima, kama ulivyoambiwa dukani.

Barua yako ilifika tarehe sita Mei. Nilikujibu mara tatu. Ya kwanza niliichana kwa sababu ilikuwa ya hasira. Ya pili ilijaa baraka tupu, si kweli hata neno moja, nikaichana nayo. Ya tatu ilikuwa nzuri, lakini nilipoisoma nikaona namwandikia mwanangu.

Nikueleze yaliyotokea, maana nawe umenieleza. Siku ile nilimwambia Fundi Subira avunje ile meza. Akaleta nyundo. Akaiweka chini. "Mama, nikiivunja hii, ukuta wa dirisha unakuja nayo. Niambie tena kesho." Kesho yake akarudi, sikumwambia. Safari hii hata yeye hakusema subira. Alichonga ubao mnene, akauweka sakafuni mbele ya meza, akaondoka. Sasa nikitaka kukata kitunguu napanda juu ya ubao kama mtu anayetaka kuhutubia taifa. Nikishuka nasahau kwamba niko juu, na goti linanikumbusha. Pale ubaoni naona mpaka barabarani. Hakuna ninachokitazamia huko.

Nimekuwa nikijiuliza nilikosea wapi katika somo langu mwenyewe. Umesema sikukuuliza kama unasimama au unakaa. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nami nimelifanya. Lakini si hilo. Nilikuuliza kiwiko, mkono, upepo, sinki. Kurasa nzima. Sikukuuliza kama unataka kuja. Mwalimu haachi swali la kwanza kwa bahati mbaya. Nilijua jibu laweza kuwa lipi, nikaona heri nipime ukuta.

Wala usichukue lawama ya zege. Ulisema "vyovyote" Januari, na mtu anayetaka kuishi mahali hasemi vyovyote. Nilisikia. Nilifanya kama sikusikia.

Kuhusu huyo fundi wako, sina neno baya, nami nimelitafuta. Mwanamume anayemenya vitunguu bila kuombwa hapatikani kila soko. Mama yake kama yu hai, naye akikuuliza siku ya kwanza kama chumvi inatosha, mwambie ukweli siku hiyohiyo. Atakununia wiki moja. Miaka kumi na moja ni mingi zaidi.

Sasa nina ombi, na baada ya hilo sitakuomba kitu. Ule ukurasa wa mwanangu akiwa amekaa mlangoni nimeukata kwa mkasi nikautenga na mwingine. Miaka thelathini na minne nilikuwa mama yake, na sikujua kwamba alikuwa anakaa sakafuni jikoni. Kwangu aliacha kukanyaga jikoni tangu akiwa mtoto. Mimi ndiye niliyemfukuza, nikimwambia ananizibia njia. Alikuwa na maneno mengi kumbe. Mimi nilidhani nimezaa mtu mkimya.

Alikuwa akikusimulia nini?

Niandikie jioni moja tu, yoyote, kabla ya Jumamosi yako. Baada ya hapo itakuwa si haki kukuuliza, utakuwa na mlango mwingine na mtu mwingine, nami sitaki mume wako akute unaandika habari za marehemu kwa siri. Lakini kwa siku hizi chache bado wewe ni mkwe wangu, na naweza kukuagiza.

Mama


Jumatano, tarehe 9 Julai

Kwako Mama,

Shikamoo, Mama. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, ananijua, amesema atakuletea mkononi kesho. Mume wangu mtarajiwa anajua ninakuandikia. Ndiye aliyeninunulia karatasi.

Nimechagua jioni ambayo haina lolote kubwa. Zile kubwa unazijua.

Alirudi mapema, bado amevaa mkanda wake wa kazi. Akakaa pale, akaweka nyayo zake juu ya fremu, bisibisi zikamchoma kiunoni, akasema "aa," lakini hakuvua. Nilikuwa nakaanga vitunguu.

"Leo," akasema, "nimepanda dari ya mama mmoja tangu saa tatu."

"Umefanya nini huko?"

"Taa ya sebuleni haiwaki. Nimefungua nyaya zote. Nimefungua mpaka zile ambazo hata aliyejenga nyumba hazijui. Panya mmoja amenitazama kwa masikitiko. Saa saba nikashuka, nimekuwa mweupe kwa vumbi kama mandazi kwenye unga, nikamwambia, Mama, sioni tatizo. Akaniambia, pole baba, kunywa maji. Nikaegemea ukuta ninywe. Kumbe pale ukutani pana kalenda, na nyuma ya kalenda kuna swichi. Nimeegemea, taa ikawaka."

"Hakuwa anajua?"

"Ngoja. Nikamwambia, Mama, hii hapa swichi imezimwa! Akasema, ah, hiyo? Hiyo nimeizima mwenyewe asubuhi, fundi anakuja, asije akapigwa na umeme."

Mama, alicheka mpaka akawa hatoi sauti, anapigapiga sakafu kwa kiganja. Nami nikaacha mwiko nikacheka. Tulipokumbuka vitunguu vilikuwa mkaa.

Akanyoosha shingo akachungulia sufuria. "Mama yangu angeviona hivi angekuita ofisini na mzazi wako."

Nikamwambia, "Mwambie basi."

Akasema, "Simwambii. Nikimwambia atakuja kukufundisha, na akija atanitoa hapa mlangoni." Halafu akaongeza, "Lakini ningependa siku moja aone tunavyokaa."

Tulikula vile vitunguu hivyohivyo. Aliomba nyongeza. Haikuwepo, nikampa vyangu, akarudisha nusu kwenye sahani yangu nilipogeuka kuchukua maji, akidhani sioni. Halafu akavua mkanda, akaenda kuoga.

Ni hivyo tu. Sikutia chumvi mahali popote.

Mkweo mpaka Jumamosi